Kabla Hujalipa Kodi Bariadi, Itembee Njia ya Mtoto

 

Leo namjibu mama mmoja wa watoto watatu anayeishi Mwanza. Mumewe amepata kazi Bariadi na familia inamfuata. Mtoto mkubwa ni binti wa darasa la tano, wa kati yuko la pili, na mdogo bado ni wa mgongoni. Gari hawana, pikipiki hawana, na fedha ya kodi ni ile ambayo ukishaitoa unabaki unapima unga kwa kikombe. Ameniuliza maswali mawili. La kwanza: wakae Bariadi mjini, au watafute Maswa au Lamadi, maana ameambiwa huko maisha ni nafuu? La pili: atajuaje mtaa ambao watoto watakwenda shule kwa miguu na kurudi salama, bila yeye kushinda roho juu?

Nimefurahi kuliona hilo la pili, kwa sababu ndilo litakalotujibu la kwanza. Wengi tunapohama tunamuuliza dalali nyumba ni bei gani, naye anatujibu hilo tulilouliza. Hatuambii shule iko wapi, maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, wala mvua ikinyesha njia inakuwaje. Haya yote ni sehemu ya kodi, ila hulipi kwa mwenye nyumba. Unalipa barabarani, kidogo kidogo, kila siku.

Chukua kalamu, mdogo wangu. Tuseme umepata vyumba viwili pembezoni kwa shilingi 40,000 kwa mwezi, na vingine vya namna hiyo hiyo karibu na shule na soko kwa 70,000. Mkono unakimbilia vya 40,000 kwa kuwa umeokoa 30,000. Sasa tuseme shule iko mbali, na bodaboda anakuchukulia watoto wawili kwa 1,000 asubuhi na 1,000 mchana. Siku 22 za masomo ni 44,000. Wewe mwenyewe uende sokoni mara tatu kwa wiki, 1,000 kwenda na 1,000 kurudi, kwa wiki nne ni 24,000. Usafiri peke yake umekuwa 68,000. Ile nyumba ya bei rahisi imefika 108,000, na bado hajaugua mtu usiku. Bei nilizotumia ni za mfano tu. Weka zile utakazozikuta mtaani siku utakayofika. Lakini usikubali kutoa hela kabla hujaipiga hesabu hiyo.

Na tusiishie kwenye hela. Mnawaona wenyewe watoto wanavyopakiwa mishikaki: watatu nyuma ya dereva, mwingine mbele kwenye tangi, kofia hakuna hata moja. Mzazi hafanyi hivyo kwa kutowapenda wanawe. Alipanga mbali na shule, na ile elfu moja ya pili haipo. Ndiyo maana nasema usalama wa mtoto unaanza siku ya kutafuta nyumba, wakati bado unaweza kuchagua.

Sasa tuje Bariadi yenyewe. Mji huu ulipata kuwa makao makuu ya mkoa mwaka 2012, mkoa wa Simiyu ulipomegwa kutoka Shinyanga, na tangu hapo unapanuka. Zimekuja ofisi, wamekuja watumishi, na nyumba za kupangisha zimewafuata. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 1.58 hivi katika mkoa mzima. Ya 2022 ikakuta zaidi ya milioni 2.1. Pamoja na kukua huko, katikati ya mji bado ni padogo. Soko, maduka, ofisi na shule kadhaa viko ndani ya mwendo ambao mama mwenye mtoto mgongoni anaumaliza bila kutafuta mti wa kupumzikia. Hiyo ni neema ambayo Mwanza, na vilima vyake na daladala zake, hukuwa nayo. Itumie.

Pa kuwa mwangalifu ni mipaka. Halmashauri ya Mji wa Bariadi inachukua kata za mjini kama Somanda, Malambo na Sima, lakini pia inachukua maeneo ambayo bado ni mashamba ya pamba na mtama. Nyakabindi, kwenye viwanja vilivyobeba Nane Nane ya kitaifa mwaka 2018, 2019 na 2020, iko ndani ya halmashauri ya mji. Ila huo si mwendo wa mtoto wa darasa la pili kutumwa sokoni. Kwa hiyo mtu akikuambia "ni mjini hapa hapa, mama," muulize kata, muulize mtaa, kisha muulize shule ya msingi iliyo karibu inaitwaje. Akibabaika kwenye shule, hiyo nyumba haijui.

Siku ya kwenda kuangalia, usiende Jumamosi mchana. Nenda siku ya masomo. Uwe mlangoni pa hiyo nyumba saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watoto wa mtaa wakianza kutoka, uwafuate. Ukiweza kuja na wako wa darasa la pili ndiyo vizuri zaidi, kwa sababu mwendo wa kupima ni wake, siyo wako. Wewe unaruka mtaro bila kufikiri. Yeye anashuka ndani na kupanda upande wa pili. Mnapokwenda, angalieni wapi watoto wanatembea kundi na wapi wanabaki mmoja mmoja. Angalieni vichaka, nyumba ambazo hazijamalizika ujenzi, na vilabu vya pombe, hasa mchana wakati wa kurudi. Binti wa darasa la tano ana macho yake. Muulize njia hiyo ameionaje, na umsikilize hata kama nyumba umeshaipenda.

Jambo kubwa kuliko yote njiani ni lami. Barabara kuu inayotoka Mwigumbi, ikapita Maswa, ikaingia Bariadi na kwenda kutokea Lamadi, imetufungua watu wa Simiyu. Safari zilizokuwa za kutwa sasa ni za saa chache. Lakini barabara hiyo hiyo inaleta mabasi, malori ya pamba na magari ya ng'ombe katikati ya makazi. Sheria inataka mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya watu, na mtoto anayevuka hana namna ya kujua nani anaitii. Kanuni yangu kwa mwenye watoto wadogo ni hii: kaeni upande mmoja na shule. Kama nyumba mbili zinalingana kwa kila kitu ila moja inamlazimu mtoto kuvuka lami mara mbili kwa siku, chukua ile nyingine, hata kama imezidi kidogo.

Pale ambapo kuvuka hakuepukiki, simama pembeni uangalie. Dar es Salaam shirika la Amend lina mpango unaoitwa SARSAI, ambao mwaka 2019 ulishinda tuzo ya kimataifa ya WRI Ross kwa miji. Kazi yao haikuwa ya mabilioni. Waliangalia watoto wanapita wapi, wakaweka matuta na vivuko, wakatenga njia za waendao kwa miguu, na mahali pengine wakahamisha geti la shule ili watoto wasimwagike moja kwa moja kwenye barabara yenye magari. Vitu hivyo hivyo ndivyo vya kukaguliwa na mzazi, na havihitaji kipimo wala elimu ya uhandisi. Je, kuna tuta? Kuna kivuko kilichochorwa? Kuna pembezoni pa kutembea, au watoto wanagombania lami na bodaboda? Geti la shule linafungukia wapi? Ukikuta havipo na bado unataka kukaa hapo, lipeleke jambo hilo kwenye mkutano wa mtaa na kwenye kamati ya shule. Wazazi kumi wakiulizia tuta wanasikika kuliko mmoja.

Nije kwenye udongo, na hapa nataka mnivumilie, kwa sababu wageni wengi wa Simiyu hawajui na dalali hatasema. Wasukuma wana majina ya udongo wao. Luseni ni ule wa kichanga wa kwenye miinuko. Maji yanazama haraka, na baada ya mvua mtoto anapita na viatu vyake. Mbuga ni ule mweusi wa mabondeni. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingia mguu. Masika unanata hadi kiatu kinabaki nyuma na mguu unatangulia. Nyumba iliyojengwa juu ya mbuga bila msingi imara hupasuka kuta, na ndiyo maana mara nyingine unakuta nyumba nzuri, kubwa, kodi yake ni ya chini kwa kushangaza. Angalia pembe za madirisha na sehemu kuta zinapokutana. Ukiona ufa unaoshuka kama ngazi kwenye matofali, umeshapata maelezo ya bei.

Halafu muulize jirani, siyo mwenye nyumba: mvua kubwa ikinyesha, watoto wa hapa wanakwenda shule? Mito yetu mingi na makorongo yake ni mikavu sehemu kubwa ya mwaka, mchanga mtupu, watu wanapita katikati kama barabara. Mvua ikinyesha huko juu, maji yanakuja kwa nguvu hata kama ulipo kuna jua. Njia ya shule inayokatiza korongo lisilo na daraja wala kivuko usiihesabu kuwa ni njia. Ni heri kutembea dakika kumi zaidi kwa kuzunguka, na ni heri zaidi kupanga upande ambao hakuna korongo.

Maji ya kunywa na kufulia nayo yanatembea kwa miguu, mara nyingi miguu ya mama na ya binti. Simiyu ni mkoa wenye kiangazi kirefu na kikali. Upo mradi mkubwa wa kuleta maji ya Ziwa Victoria, unaogharamiwa kwa msaada wa Mfuko wa Kijani wa Tabianchi na wa Ujerumani kupitia benki ya KfW. Mfuko huo uliuidhinisha mwaka 2017, na wilaya zote tano zimo katika mpango: Busega, Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu. Ni habari njema na mimi ninauombea. Ila wewe unayepanga nyumba leo, panga kwa maji yanayotoka leo. Fungua bomba mwenyewe. Muulize mpangaji anayehama, siyo anayepangisha, mgao ni siku zipi. Kama bomba halitoi, tafuta kisima au kioski kiko hatua ngapi na foleni ikoje saa kumi na moja alfajiri. Familia ya watu watano ikitumia madumu sita kwa siku, na tuseme muuza maji wa baiskeli anakuletea kwa 300 kila dumu, hiyo ni 1,800 kwa siku na 54,000 kwa mwezi. Irudishe kwenye ile hesabu yetu ya kodi. Nyumba yenye tangi na bomba linalotoa mara tatu kwa wiki, ikizidi kwa 20,000, bado ni rahisi.

Afya nitapita haraka. Mji una hospitali Somanda, na hospitali ya rufaa ya mkoa iko Nyaumata. Watu wanajivunia kukaa jirani na hospitali kubwa, lakini mtoto mwenye homa na mama mwenye kadi ya kliniki wanaanzia zahanati au kituo cha afya. Hicho ndicho kiwe cha kutembea kwa miguu. Kile kikubwa, jua tu usiku utakifikiaje, na uwe na namba ya dereva wa bajaji unayemwamini kabla hujamhitaji.

Sasa swali la miji mingine, na hapa nasema ninavyoamini.

Maswa ningeipenda kwa ajili yako kama kazi ya baba ingekuwa huko. Ni mji mkongwe wa utawala kuliko Bariadi, umetulia, na mambo yake mengi ya muhimu yako karibu karibu pale Nyalikungu. Maji yake yanategemea bwawa la New Sola pale Zanzui, kwa hiyo uliza hali ya bwawa mwisho wa kiangazi. Ila kutoka Maswa hadi Bariadi ni kilomita 50 hivi. Mume akisafiri kila siku, nauli inakula ile nafuu yote mliyoifuata. Akikaa Bariadi peke yake na kurudi mwisho wa wiki, mtalipa kodi mbili na kupika sufuria mbili. Familia changa yenye mtoto wa mgongoni isijigawe kwa ajili ya tofauti ya kodi.

Lamadi, hapana. Naisema kwa upole kwa sababu ni mji wenye riziki. Uko njia panda, barabara ya Mwanza kwenda Musoma inapokutana na ile ya Bariadi, na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti haliko mbali. Mfanyabiashara kijana atafanikiwa pale. Lakini kinachouendesha mji ni barabara kuu, na magari hayalali. Ziwa liko jirani, na watoto watakwenda kuogelea hata ukiwakataza, wakati kichocho kimo kwenye maji ya kandokando ya ziwa. Na ukifuata kodi ya chini ukasogea kuelekea upande wa hifadhi, kuna vijiji vya Busega ambako tembo hutoka na kuingia mashambani. Juu ya hayo, kutoka hapo hadi kazini Bariadi ni zaidi ya kilomita 70. Kwa familia yako, hapana.

Mwanhuzi wa Meatu na Lagangabilili wa Itilima ni miji midogo ambayo unaizunguka yote kwa miguu, na mtumishi anayepangiwa huko asilie. Mtoto anajulikana na kila muuza duka. Kinachopungua ni uchaguzi: shule chache, huduma chache, na safari ndefu ukitaka jambo kubwa.

Jibu langu ni Bariadi, vyumba viwili badala ya vitatu, ndani ya mji, upande mmoja na shule ya msingi, kwenye mwinuko. Bananeni chumbani. Watoto wa mji huu wanacheza nje, na uwanja wa shule iliyo karibu ni sebule kubwa kuliko yoyote utakayoilipia.

Kabla ya kulipa, mpigie hodi mwenyekiti wa mtaa. Usione haya, ndiyo kazi yake. Muulize kuhusu ulinzi. Usukumani ndiko sungusungu ilikoanzia, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wananchi walipochoshwa na wizi wa ng'ombe na mauaji, na bado mitaa mingi ina utaratibu wake wa lindo na mchango. Mtaa ambao mchango unalipwa na lindo linafanyika ni mtaa ambao watu wanajuana. Muulize pia kama mwenye nyumba anajulikana kuwa ndiye mwenye nyumba. Wapo waliolipa kodi ya miezi sita kwa mtu aliyekuwa mpangaji mwenzao.

Kuhusu hiyo miezi sita: omba mitatu. Wengi watakataa, lakini mwenye nyumba iliyokaa tupu hukubali. Mwambie kwamba mume wako ni mtumishi wa mshahara na ukilipa mitatu ya kwanza vizuri utaendelea na sita. Mkataba uandikwe, hata kama ni karatasi ya daftari, na shahidi awepo. Itajwe LUKU kama ni yenu peke yenu au mnachangia, bili ya maji inagawanywaje, choo kinatumiwa na kaya ngapi, na nani anayeziba ufa ukitokea. Uliza pia kuhusu msimu. Pamba inaponunuliwa, kuanzia Mei kuendelea, fedha inaingia mkoani, biashara inachangamka na wenye nyumba wanapata ujasiri wa kupandisha. Kodi uliyokubaliana Machi iandikwe kwamba haitaguswa hadi mwaka uishe.

Mkifika, watembeze watoto nyumba za jirani kabla hamjafungua mizigo yote. Wafundishe kusalimia kwa Kisukuma, mwangaluka asubuhi na mwadila mchana kuendelea, wakiinamisha goti kidogo kwa wazee kama ilivyo desturi. Bibi anayeuza michembe kwenye kona ya njia ya shule, akishawajua watoto wako kwa majina, ni mlinzi ambaye hakuna mshahara ungeweza kumlipa.

Mwisho nije kwenye tarehe, ingawa hukuuliza. Njoo kuangalia nyumba Machi au Aprili, mvua ikiwa inanyesha, ili uione njia katika ubaya wake wote. Nyumba iliyoangaliwa Agosti imeangaliwa nusu. Kisha hamieni likizo ya Juni, njia zikiwa kavu na watoto hawakosi masomo. Uhamisho wa shule uanze kuushughulikia mapema, ukianzia kwa mwalimu mkuu wa shule wanayotoka. Hakikisha namba ya PREM ya kila mtoto imeandikwa sawasawa na jina linafanana na la cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Kadi ya kliniki ya mdogo isiingie kwenye mabegi ya lori. Ibaki kwenye mkoba wako wa mkononi, pamoja na vyeti na risiti ya kodi.